Mbuzi Waliochanwa Mapema

Wanaosifu majira ya kuchipua hawajawahi kuchunga mbuzi. Huku kwetu ukingoni mwa jangwa la Gobi, majira hayo huja kumalizia kilichobakizwa na baridi. Majani ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu hayajaota, mifugo imebaki mifupa na macho, na wenye mifugo vivyo hivyo. Asubuhi jua linakuchoma mgongo, mchana vumbi, jioni theluji. Ukilalamika unaambiwa ushukuru, mwaka juzi ilikuwa mbaya zaidi.

Dulam alikuwa amechoka. Usingizi ungemsaidia kidogo tu, na usingizi wenyewe ulikuwa haupatikani, maana tangu kondoo waanze kuzaa alikuwa akivua viatu ili kukung'uta mchanga tu, kisha anavivaa tena. Viganja vilimpasuka. Kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kuchania mbuzi, kilimuuma hata akiinua bakuli la chai. Mumewe Dagva alikuwa na goti bovu na redio. Goti lilimzuia kuchunga mbuzi, basi akawa anachunga redio.

"Inasemaje leo?" Dulam alimuuliza asubuhi ile, akikoroga chai ya maziwa na chumvi.

"Ngoja, usinipotezee."

Mama wa redioni akasoma kwa sauti yake ileile, ya mtu anayekaa ndani: upepo wa wastani, jua, joto kupanda, na siku zijazo hali itaendelea kuwa shwari.

"Shwari," Dagva akarudia kwa kuridhika.

"Na goti?"

"Goti limenyamaza. Hakuna tufani."

Binti yao Nansa akatoa kichwa kwenye blanketi, nywele zimesimama. Alikuwa mpishi wa bweni la shule mjini, na kwa kuwa watoto walikuwa likizo alikuja nyumbani kusaidia. "Jana nilipanda kilimani simu ikashika mtandao," akasema. "Nayo inaonyesha jua tupu mpaka wiki iishe."

"Basi mmekubaliana wote watatu," Dulam akasema. "Redio, simu na goti. Tangu niolewe sijaona."

Akachota maziwa, akachukua upawa wa mbao wenye vishimo tisa, akatoka nje. Kila asubuhi mama mwenye hema hurusha maziwa kidogo juu, pande zote nne, kabla mtu yeyote hajanywa. Dulam alikuwa na maneno yake aliyorithi kwa mama mkwe: mifugo iongezeke, ndugu wapone, mvua ije kwa wakati wake. Alizoea kuyasema haraka, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Siku ile aliyasema yote, akageuka kurudi ndani, akasimama.

Kesho kutwa lori la jirani yao Choijil lingepita kumchukua Nansa. Hema lingebaki na wazee wawili, goti moja bovu na mikono miwili mibovu. Dulam akainua tena upawa, akarusha kilichobaki, na akanong'ona jambo ambalo hakuwahi kuliomba maishani mwake, maana alikuwa hajawahi kujiombea mwenyewe.

"Na njia ya Nansa uifunge kidogo. Siku mbili tu."

Kisha akaona haya, akaingia ndani kuwamiminia chai.

Sasa, kuhusu mbuzi. Baridi ikianza kupungua, manyoya laini ya ndani, yale tunayouza, huachia ngozi, na usipoyachana yanabaki kwenye miiba huko malishoni na kazi ya mwaka mzima imekwenda na upepo. Lakini kuna utaratibu ambao hata mtoto wa huku anaujua: unaanza na madume waliohasiwa, wenye nguvu. Majike wenye mimba unawaacha mwisho kabisa, baada ya tufani ya mwisho kupita. Mbuzi aliyechanwa ni mtu aliyevuliwa koti. Jike akipigwa na baridi bila koti hutupa mimba, au hufa yeye.

Madume karibu wote waliwamaliza siku ile ile. Jioni Nansa akawa anawatazama majike zizini, mikono kiunoni.

"Mama, tuwachane na hawa kesho."

"Bado mapema."

"Najua bado mapema. Lakini nikiondoka nani atakushikia? Baba hawezi kuchutama. Utawalaza peke yako, wote hawa, na mkono huo?"

"Tangu zamani nawalaza."

"Zamani ulikuwa na mkono." Nansa akamgeukia baba yake, aliyekuwa ameketi kwenye gogo na redio mapajani. "Baba, wewe unasemaje?"

"Redio imesema shwari," Dagva akajibu. "Mwenye wasiwasi ni mama yako, na yeye hata jua likiwaka ana wasiwasi."

Hapo ndipo Dulam alipopaswa kukataa. Lakini mtu aliyechoka husema ndiyo kwa sababu hapana ina maneno mengi. Tena kulikuwa na hili: alitamani mno kushinda siku nzima ubavuni mwa binti yake, wameshika mbuzi mmoja.

"Haya," akasema. "Kesho."

Na ilikuwa siku nzuri, asidanganywe mtu. Walikaa juani, mbuzi amelazwa ubavu, miguu mitatu imefungwa, Nansa kashika pembe, Dulam akivuta chanuo la chuma kutoka shingoni kwenda tumboni, manyoya ya kijivu yakitoka mabonge mabonge mepesi.

"Unamchana kama unamwadhibu," Nansa akasema.

"Namchana nilivyokuwa nakuchana wewe."

"Ndiyo maana nilihama."

Wakacheka wote wawili, ila Dulam aliwahi kumaliza. Akaomba aletewe mwingine.

Aliyeletwa alikuwa Pembe Moja, jike mzee aliyekuwa akiongoza kundi tangu Nansa yuko shule. Tumbo lilimshuka, miguu ya mbele imepinda kwa uzee. Dulam akamgusa mbavu, akaweka chanuo chini.

"Huyu abaki?" Nansa akauliza.

"Atazaa wakati wowote huyu."

"Manyoya yanamtoka mwenyewe, angalia. Kesho yote yako mwibani."

Kweli yalikuwa yanatoka. Dulam akatazama mbingu, haina hata doa. Akaokota chanuo.

Asubuhi iliyofuata, ile ya safari, lori halikutokea mapema. Choijil naye alikuwa na ng'ombe wa kuzalisha. Begi la Nansa lilikuwa tayari mlangoni. Mama wa redioni alipokuja na habari za adhuhuri, alianza na neno tahadhari: upepo mkali kutoka kaskazini-magharibi, vumbi likifuatiwa na theluji, joto kushuka ghafla, wafugaji waweke mifugo karibu.

Dagva akashika goti. "Sasa ndiyo limeamka," akasema kwa sauti ndogo.

"Limechelewa kama mwenyewe," Dulam akamjibu, na tayari alikuwa anatoka.

Upeo wa macho wa magharibi ulikuwa umegeuka ukuta wa rangi ya udongo. Farasi wa jirani walikuwa wameupa mgongo. Dulam akatazama ukuta ule, kisha akatazama majike wake waliochanwa wakiwa wamejibanza zizini, wembamba, ngozi zinawacheza kwa upepo wa kwanza. Siku mbili tu, alikuwa amesema. Aliagiza, na sasa mzigo unashushwa.

Kondoo walikuwa na sufi yao mwilini. Kwa mbuzi vilikuwepo vifuniko vya kuwavisha, vilivyoshonwa kwa makoti ya zamani, lakini vilitosha wachache. Wakavisha wachache. Nansa akatoa joho lake la ziada, Dagva akaleta mapazia ya kitanda na magunia, wakamfunga mbuzi huyu hiki na yule kile, na bado walikuwepo wengi watupu. Upepo ukafika na mchanga wake. Haikuwezekana tena kufumbua macho vizuri.

"Baba Nansa," Dulam akaita, "fungua kamba za hema. Toa sufi ya nje."

Hema la huku kwetu huvikwa mablanketi mazito ya sufi, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo nyumba yenyewe hiyo. Ukitoa la nje linabaki la ndani, jembamba, lililoliwa na moshi.

Dagva alisimama. "Unaivua nyumba? Leo?"

"Mbuzi nimewavua mimi. Nyumba nayo ivuliwe."

Hakubishana. Alipanda juu ya sanduku na goti lake, akafungua kamba, na watatu wakalikokota blanketi lile likiwapiga usoni mpaka zizini, wakalitandaza juu ya majike waliokumbatiana kwenye kona ya mawe, wakalikandamiza pembeni kwa mawe na matairi mabovu. Wale wenye mimba nzito wakawaingiza ndani. Hema likajaa. Mbuzi walikuwa kitandani, mbuzi chini ya meza, mbuzi mmoja ameketi juu ya begi la Nansa.

Theluji ilipoanza, ilikuwa inapenya kwa tundu la juu na kwenye kila mshono. Walichoma samadi kavu mpaka jiko likawa jekundu na bado pumzi ilionekana. Dagva alikuwa akitoka kila mara kukung'uta theluji zizini, akirudi akihesabu kwa vidole waliokufa.

Dulam alikuwa ameketi chini amempakata Pembe Moja, amemzungushia joho lake mwenyewe. Mbuzi alikuwa ameanza kusukuma, ila hana nguvu. Nansa akapiga magoti upande wa pili kumsaidia.

"Ni mimi niliyesema tuwachane," Nansa akasema.

"Si wewe."

"Ni mimi, Mama. Na lile lisimu langu."

"Nimekwambia si wewe." Dulam hakumtazama. "Niliomba njia yako ifungwe. Kwa maziwa, asubuhi, na upawa. Nilisema siku mbili tu. Nimechoka, mwanangu. Nilitaka tu ukae."

Mtoto wa mbuzi alitokeza kwato; Nansa akamvuta taratibu, naye akateleza mzima mzima mikononi mwake, mweusi, amelowa, anapiga chafya. Nansa akamfuta kwa shuka lake na kumwingiza kifuani ndani ya nguo.

"Kwa nini hukuniomba mimi?" akasema. "Nilikuwa nimelala hapo hapo ndani. Ukaenda kuomba juu."

"Wewe ungekataa."

Nansa akafikiri. Hakuwa mwongo, hilo alilitoa kwa baba yake. "Ningekataa," akasema. "Watoto wa bweni wanarudi. Ningekataa, lakini ungekuwa umeniomba."

Dulam akatikisa kichwa polepole. Pembe Moja alikuwa amelaza shingo pajani mwake, na kabla chai haijachemka tena alikuwa amekufa. Dulam hakulia. Aliendelea kumpapasa mahali palipochanwa, pale ngozi ilipokuwa laini na baridi.

Njia ilifungwa siku mbili, kama alivyoagiza. Siku hizo zote Nansa alikuwepo, na wala hawakupata nafasi ya kukaa pamoja. Walikuwa wanabeba. Walibeba theluji kutoa, samadi kuingiza, na mizoga wakaiburuta nyuma ya kilima wakaipanga. Chini ya sufi ya hema wengi walipona. Waliokufa walikuwa wale wa pembeni, na mimba zilizotupwa zilikuwa nyingi kuliko walivyotaka kuzitaja. Dagva alilirudisha blanketi juu ya hema likiwa linanuka mbuzi, na litanuka hivyo miaka.

Siku ya tatu jua likatoka kama vile halikuwa na habari. Theluji ikaanza kuyeyuka na kuchuruzika kwenye mawe ya zizi. Mama wa redioni akasema upepo wa wastani, joto kupanda, siku zijazo shwari. Dagva akanyoosha mkono, akaizima redio kabla mama yule hajamaliza.

Honi ya Choijil ikasikika bondeni. Nansa akambusu baba yake, akachukua begi lenye alama za kwato, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu kuliko desturi. Dulam alinusa moshi na mbuzi kwenye nywele zake.

"Likizo ijayo," Nansa akasema.

"Njoo ukiweza."

"Uniombe nije. Upande kilimani upige simu, uniombe kwa mdomo wako."

"Goti la baba yako ndilo litakalopanda?"

"Panda wewe."

Akaondoka. Anayesafiri hurushiwa maziwa nyuma yake, mpaka asionekane, ili njia iwe nyeupe, yaani ya heri. Dulam alikuwa mlangoni na upawa mkononi, na kwenye bakuli maziwa machache mno, maana majike waliobaki yalikuwa yamewakauka. Miguuni pake yatima wa Pembe Moja alikuwa anatafuna upindo wa joho lake na kulia njaa.

Lori likawaka.

"Mrushie basi," Dagva akasema. "Anaondoka."

Dulam akautazama upawa. Vishimo tisa, na kila kishimo kingekunywa kitu. Akainua uso juu, kulikokuwa kumetulia na kupendeza.

"Wewe ulishakunywa," akaiambia mbingu, bila ukali.

Akampa Dagva upawa. Akachutama, akamshika mtoto wa mbuzi kidevu, akamnywesha kwenye bakuli mpaka lilipobaki tone. Lile tone akalichovya kwa kidole cha pete, akasimama kwa kushika kiuno, akalirusha kwa kidole kuelekea lori lililokuwa tayari dogo barabarani.

"Njia yake iwe kavu," akasema. "Mpaka mjini."

Kisha akaingia ndani kutafuta chanuo. Kulikuwa na madume wawili waliokuwa wamewaruka.