Kilima chenye Lifti Moja

Kengele ya mlango ilipolia, Mugambi alidhani ni pizza. Alifungua akiwa ameshika kadi ya benki, akakuta mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu, begani amebeba mbao mbili za kutelezea kwenye theluji, za kizamani, zimefungwa pamoja kwa kamba ya viatu.

"Wewe ndiye Mugambi," mzee alisema kwa Kiswahili. Halikuwa swali.

"Ndiyo. Shikamoo, Mzee."

"Hiyo waachie Watanzania. Mimi ni Mganda, nisalimie tu. Naitwa Petero. Nimetoka kule Hässelby kwa treni mbili, na katika zote mbili watu walinipa nafasi kubwa kwa sababu ya hizi mbao."

Mugambi hakumjua. Alitazama nyuma yake. Sebuleni walikuwa wageni wake wa siku hiyo, Axel na Valerie wa kazini kwake, wamekaa mbele ya televisheni iliyojaa picha za milima.

"Ulisema kanisani mlango wako uko wazi," Petero aliendelea. "Jumapili ya vijana. Ulisema mzee yeyote aliyechoka kukaa peke yake aje agonge. Nimeona kuna kengele, nikabonyeza."

Mugambi alikuwa amesema hivyo kweli. Katika ibada ya Kiswahili jijini Stockholm, wanakokutana Wakenya, Wakongo, Waganda na Warundi, alisimama mbele akasema kwamba upweke unaua watu ghorofa moja chini yetu huku sisi tunatumiana salamu kwa simu. Akina mama walilia. Naye alikuwa ameamini kila neno. Kwa ajili ya maneno hayo alisomea ustawi wa jamii, na kwa ajili ya hayo hayo alifurahi hadi kushindwa kula alipopata kazi yake ya kwanza, katika shirika dogo linalowatafutia wazee watu wa kuwatembelea. Ila hakuwa amewaza kwamba kuna mtu angetoka Hässelby kuja kubonyeza kengele, tena Axel akiwa ndani.

Axel alikuwa mkuu wa kitengo chao. Mkataba wa Mugambi ulikuwa wa muda, na Axel alikuwa amemwambia kwamba mambo ya mkataba wataongea baridi ikiisha. Kisha akamwalika kwenye safari ya milimani katika wiki ya likizo ya Februari, ile wiki ambayo shule zote za Stockholm hufungwa na nusu ya jiji hukimbilia kwenye theluji. Axel ana watoto, kwa hiyo haikuwezekana kwenda wiki nyingine. Ilibidi wachague mahali upesi kabla nyumba za kukodi hazijaisha, na Mugambi, ambaye hajawahi kuvaa mbao hizo maishani, alijitolea haraka: njooni kwangu Hallonbergen tuchague.

"Karibu, Mzee," alisema, kwa sababu hakuna neno lingine la kumwambia mzee aliyesimama mlangoni.

Petero aliegemeza mbao ukutani, akaanza kufungua buti, taratibu, akishikilia nyonga. Mugambi alirudi sebuleni.

"Nani huyo?" Axel aliuliza kwa Kiswidi.

Angeweza kusema: mzee wa kanisani kwetu, nilimkaribisha. Lakini aliona mbao zile zilizochubuka rangi, akaona kofia, akaona nyumba za Åre, mji maarufu wa kuteleza, zikisubiri kwenye televisheni, na mdomo ukamtangulia.

"Mzee wa kanisani," alisema kwa sauti ya chini. "Kumbukumbu zimeanza kumpotea. Huwa anatembea tu, anaingia anapoingia."

"Maskini," alisema Valerie. "Mwache akae nasi."

Petero akaingia na soksi za rangi mbili, akawasalimia wote kwa Kiswidi. Kilikuwa Kiswidi cha vijijini mkoani Dalarna, chenye kupanda na kushuka kama wimbo, kiasi kwamba mtu akifumba macho angemwona mkata miti wa huko. Valerie akamtazama Axel. Axel akatabasamu lile tabasamu la kazini, Mugambi alilijua, la kuwatembelea wagonjwa.

"Mnachagua mahali," Petero alisema akiangalia televisheni. "Nimefika wakati mzuri. Kwa nini msiende Kvarnbacken?"

"Kvarnbacken," Valerie alirudia, polepole na kwa sauti kubwa. "Ni mahali unapopakumbuka?"

"Kwa nini nisipakumbuke? Nilikaa huko. Nilipokimbia Uganda nikiwa kijana kama huyu, walinipeleka huko nifanye kazi kwenye kiwanda cha mbao. Jirani yangu alinifundisha kuteleza. Mwaka wa nne nilikuwa wa pili kwenye mashindano ya kiwanda, na wa kwanza alikuwa shemeji wa mwamuzi."

"Wa pili," alisema Valerie. "Hongera."

"Vizuri sana," alisema Axel.

Mugambi alikwenda jikoni kuchemsha chai ya maziwa, na kutoka huko alisikia jinsi uongo wake ulivyokuwa ukifanya kazi bila yeye. Kila jambo la kweli alilosema mzee, wale wawili walilipokea kama dalili. Alipowaambia mti mmoja huko uliwahi kumng'oa jino, walisema, aha. Alipowaambia binti yake Babirye ni mhandisi Göteborg, Valerie aliuliza kwa upole kama Babirye humtembelea mara kwa mara, au kama ni muda mrefu hajamwona. Walikuwa watu wazuri. Hilo ndilo lililomfanya Mugambi akae jikoni hata maziwa yakamwagika kwenye jiko.

Aliporudi na vikombe, Axel alikuwa ametafuta kwenye simu. "Kipo kweli," alisema, kwa mshangao. "Kvarnbacken. Lifti moja ya kupandisha watu kilimani. Kibanda cha kahawa."

"Na wateja wawili," Valerie alisema, "mmoja ni mwenye kibanda."

Petero alicheka kuliko wote. "Basi nitakuwa wa tatu."

Walichagua Åre. Kulikuwa na nyumba ya mbao karibu na miteremko mirefu, vitanda vya wote, shule ya watoto ya kuteleza, na muziki alasiri. Petero alikubali kwamba ilikuwa nyumba nzuri, akasema tu kwamba foleni za lifti wiki hiyo zitakuwa ndefu kuliko miteremko, kisha akasimama kwenda zake.

Mugambi alimsindikiza hadi kwenye lifti ya jengo. Hapo mzee akageuka. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Kijana, nikuambie nilichokujia. Nimeshika chumba Kvarnbacken, wiki hiyo hiyo. Lakini tangu wanipasue nyonga, Babirye anakataa niende peke yangu, na yeye ana kazi. Waganda wenzangu nimewaomba, wananiambia baridi iko hapa Hässelby, tena ya bure, ya nini kuilipia nauli? Nikawaza, yule wa kanisani."

Nyuma yao sebuleni Axel aliangua kicheko. Mlango wa lifti ulifunguka.

"Nitaenda nawe, Mzee," alisema Mugambi.

"Wiki hiyo hiyo?"

"Wiki hiyo hiyo. Usijali."

Aliisema kama watu wanavyosema tutaonana, ili mlango ufungwe. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mbao zikamgonga Mugambi kichwani.

Petero, aliyepata namba yake kanisani, alipiga simu asubuhi iliyofuata, akaacha ujumbe: amemwambia Babirye, Babirye amekubali. Akapiga tena kuuliza saizi ya buti za Mugambi. Mugambi hakupokea. Ofisini alikuwa akiandaa kipeperushi cha kuwahimiza vijana wawe marafiki wa wazee, na kila mara simu ilipotetemeka mezani aliigeuza chini. Aliandika ujumbe wa kujitoa, akaufuta, akaandika mwingine wenye maneno mazuri zaidi, akaufuta huo pia kwa sababu ulikuwa na maneno mazuri.

Kisha akapigiwa na namba asiyoijua, akapokea. Alikuwa mwanamke.

"Mugambi? Ni Babirye, bintiye Petero. Sitakuchelewesha. Nataka tu kusema asante. Baba amekuwa akiomba hili tangu mama afariki, na mimi kila mara nasema mwakani. Nilianza kuona haya kumjibu. Kama usingejitokeza ningemkatalia tena, na sidhani angeuliza mara nyingine. Usimwache apande juu kabisa. Atakuambia anaweza."

"Sitamwacha," alisema Mugambi.

Siku hiyo alimfuata Axel kwenye mashine ya kahawa, akamwambia hataenda Åre. Mama yake, anayeishi mji wa Södertälje, anaumwa. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Axel aliweka kikombe chini akamshika bega. "Pole sana. Familia kwanza. Usiwaze chochote, tutampata mtu wa kuchukua nafasi yako."

Mugambi alienda chooni akakaa huko muda. Mama yake alikuwa mzima, pengine wakati huo huo alikuwa kazini akiimba.

Wiki ya likizo ilipofika, huko Kvarnbacken mvua ilikuwa imechanganyika na theluji. Kilima kilikuwa kifupi na cha kijivu, na lifti ililia kila ilipozunguka. Wateja hawakuwa wawili: kulikuwa na familia moja ya kijijini na watoto wao. Mugambi alianguka mara ya kwanza akiwa bado amesimama tu. Alianguka tena kwenye foleni ambayo haikuwa foleni, akamwangusha mtoto mmoja, akaomba radhi kwa mtoto, kwa mama yake na kwa mbwa wao.

"Kunja magoti," alisema Petero. "Unasimama kama askari wa getini."

"Mzee, wewe mwenyewe hujateremka bado."

"Naangalia mlima kwanza."

Ukweli ni kwamba Petero aliuangalia mlima kwa muda mrefu. Alipofunga mbao zake akajaribu mteremko wa watoto, magoti hayakumtii. Alishuka hatua chache, akaketi kwenye theluji kwa ghafla, akabaki hapo ameduwaa. Mugambi alimfikia akitambaa. Alitarajia mzaha, lakini mzee hakufanya mzaha.

"Nilidhani mwili utakumbuka," alisema.

"Tujaribu tena, Mzee. Nikushike."

"Utanishikaje, wewe ambaye unashikwa na watoto?" Lakini akanyoosha mkono. Walisaidiana kusimama. Wakashuka wameshikana, mmoja akiwa mbovu kwa uzee na mwingine kwa ugeni, wakafika chini bila kuanguka. Petero akataka tena. Wakarudia, na safari hiyo mzee aliachia mkono mwishoni akateleza peke yake, mgongo umenyooka, hadi kwenye uzio wa kibanda cha kahawa. Hapo akasimama kumsubiri.

Mugambi alipofika, simu yake iliita mfukoni: picha kutoka Åre, anga ya buluu, Axel na watoto wake, Valerie ameinua glovu. *Tumekukumbuka. Mama anaendeleaje?* Alisoma, akairudisha simu mfukoni, lakini mzee alikuwa ameona.

"Ni wale?"

"Ndiyo."

"Unajua nilisikia," alisema Petero.

Mugambi hakuuliza alisikia nini. Aliinama akakung'uta theluji iliyomwingia hadi ndani ya shati.

"Koridoni kwako, nikivua buti. Kiswidi nimekisema kabla mama yako hajazaliwa, kijana. Ulisema kumbukumbu zimenipotea."

"Nisamehe, Mzee."

"Ngoja. Kusamehe ni kwangu, nitakusamehe nikitaka. Nilikuja tu kwa sababu chumba nilikuwa nimeshashika, na kwa sababu ulinipa neno lako kwenye lifti nikataka kuona wewe ni mtu wa namna gani. Umekuja. Sawa. Lakini wale wawili wanadhani nina wazimu. Yule binti aliniongelesha kama mtoto wa chekechea, na mimi nikamwacha, kwa sababu ningesema nini? Kila nilichosema kilikuwa kinazidisha." Alipangusa pua kwa mgongo wa glovu. "Waambie."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Mugambi alitaka kusema tukirudi. Kurudi kulikuwa mbali, na ofisini angeweza kumpata Axel peke yake, akachagua maneno, akaeleza kwa namna ambayo mwishoni Axel angemhurumia yeye.

"Leo," alisema.

Waliingia kwenye kibanda. Mwenye kibanda aliwapa kahawa na mandazi ya Kiswidi yenye mdalasini. Mugambi alipiga simu akiwa bado na kofia kichwani. Axel alipokea, nyuma yake kulikuwa na muziki na kelele za watu.

"Mugambi! Ngoja nikuweke kwenye spika, Valerie yuko hapa, na wenzetu wote. Mama anaendeleaje?"

Wote. Hakuwa amelifikiria hilo. Angeweza kumwomba Axel atoke nje. Petero alikuwa anapuliza kahawa yake, haangalii.

"Mama yangu haumwi," alisema Mugambi. "Nilikudanganya. Niko Kvarnbacken na Mzee Petero, kwa sababu nilimwahidi, na niliona aibu kukwambia. Na kitu kingine. Siku ile kwangu, niliwaambia kumbukumbu zinampotea. Hazimpotei. Yote aliyowaambia ni kweli, kazi ya kiwandani, binti yake, yote. Nilisema vile kwa sababu alikuja na mbao kuukuu na sikutaka mnione naye."

Muziki uliendelea. Kisha akasikia sauti ya Valerie, mbali kidogo na simu, kama anamwambia mtu aliye karibu naye: "Na mimi niliongea naye vile."

"Tutaongea Jumatatu," alisema Axel. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya kazini. "Mimi na wewe, ofisini kwangu."

"Sawa," alisema Mugambi. Alisubiri. Simu ikakatwa.

"Amekata?" Petero aliuliza.

"Amekata."

"Walisikia wote?"

"Wote."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kuvua glovu zake zilizolowa, kidole kimoja kimoja.