Mkono Unaounguza Miche

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga wiki ileile ambayo miche yake ya nyanya ilikuwa tayari kuhamishwa. Watoto wake watatu wakakusanyika kando ya kitanda, akawauliza nani atashika bustani mpaka apone, na wote watatu wakaanza kukagua sakafu kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona. Nikasema nitakwenda mimi. Hakuna aliyenituma, kimbelembele changu tu.

Bustani yenyewe iko nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani. Eneo limegawanywa vipande, kila familia na chake, kuna mabomba mawili ya maji na ua wa mabati. Ukipata kipande pale umepata, maana wanaosubiri ni wengi kiasi kwamba wengine huandikisha watoto ambao hawajaota hata meno. Kuna sharti moja ambalo Mwenyekiti wa bustani halilegezi. Kipande kikifa kwa bahati mbaya, labda wadudu au mafuriko, mnapewa msimu mwingine mjaribu tena. Kikifa kwa uzembe kinakwenda kwa mtu mwingine, na hakuna kubembelezana.

Mama alikuwa amekishika kipande hicho tangu mume wangu akiwa tumboni. Siku moja nikimsugua miguu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kilinde msimu huu tu. Nikishindwa kurudi kitakuwa chako. Nitamwambia Mwenyekiti kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kibarazani, kwenye nyumba ya kupanga, na sijawahi kuwa na hata kopo la udongo ninaloweza kusema ni langu. Maneno yale yalinikaa moyoni. Tangu siku hiyo sikuwa nakwenda kumsaidia mkwe tena, nilikuwa nakwenda kwangu.

Niwaeleze na hao watoto wake, maana bila wao hakuna kisa. Wa kwanza ni wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Sote tunamwita Mwalimu, hata nyumbani, kwa sababu hawezi kukuona umeshika kikombe asikusahihishe. Wa pili ni mume wangu, mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mkimya. Watu humsifu kwa ukimya wake, na mimi nilimpendea huohuo. Kitindamimba ni shemeji yangu dereva wa lori, anayeitwa Breki kwa kuwa hana, barabarani wala mdomoni.

Basi nikawa naamka, nachota maji, namwagilia matuta yote kabla jua halijakaza, halafu ndiyo nakwenda kukaa kwenye cherehani. Jumamosi napalilia. Konokono nilikuwa nawaokota kwenye kopo na kuwarusha nje ya ua, ingawa nina hakika walikuwa wanarudi kabla yangu. Mgongo uliniuma, kucha zikawa hazitakati, wateja wakaanza kuangalia mikono yangu kabla ya kunikabidhi vitambaa vyeupe. Lakini nyanya zilishika. Kabichi zikaanza kujifunga. Bamia zikatoa maua, na wenye vipande vya jirani wakawa wanasimama kwenye ua wetu kuangalia. Nilipompelekea Mama pilipili hoho ya kwanza aliinusa, akaizungusha mkononi, akawaita wapangaji wenzake waje waione. "Mkwe wangu huyu," aliwaambia, "ana mkono kama wangu." Nikavikwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa kwa furaha.

Halafu asubuhi moja nikakuta majani ya nyanya yamejikunja, kingo zake za kahawia, kama mtu aliyepitisha pasi ya moto sana. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji. Kesho yake yakawa mabaya zaidi. Udongo umelowa na mmea unakufa kwa kiu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nikageuza kila jani kutafuta mdudu, sikumwona. Baada ya nyanya zikafuata hoho, kisha kabichi, na juu ya udongo ukatokea ukungu mweupe kama chumvi ya jasho kwenye kola ya shati. Kila nilipozidi kumwagilia ndivyo vilivyozidi kufa. Nilichuchumaa katikati ya matuta yale nikalia, tena kwa sauti, na wala sikujali nani ananiona.

Habari zikafika nyumbani kabla yangu. Mwalimu alikwenda kujionea, akarudi na viatu vya matope kwa mama yake, tulikokuwa sote, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wifi," akaniambia kwa ile sauti yake ya kumweleza mzazi kwamba mtoto hatapanda darasa, "kuna watu wana mkono wa moto. Wakigusa mche unaungua. Si kosa lao, ndivyo walivyoumbwa."

"Shem, wewe kaa na cherehani yako," Breki akadakia. "Kitambaa hakinyauki."

Wakacheka. Mume wangu hakucheka, lakini hakusema kitu pia. Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani ni maumivu ya nyonga.

Ukweli ulikuja wenyewe, kwa miguu ya Breki. Alinipitia kibarazani nimbadilishie zipu ya suruali, na wakati anasubiri akaanza kupiga soga.

"Sasa shem, mbona hata ile mbolea niliyotia haikusaidia kitu?"

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. "Mbolea gani?"

"Ya dukani, ile ya punje. Mama alinituma. Kiganja kimoja kila shina, nifukie na udongo, nisimwambie mtu." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Aliniambia wenzangu hawana akili, ni mimi peke yangu anayenitegemea."

Nilimaliza zipu, akaenda zake. Jioni, mume wangu akinawa mikono, nilimuuliza kama amewahi kutia mbolea ya dukani kwenye bustani ya mama yake. Alijifuta mikono, akakubali. Kiganja kimoja kila shina, afukie, asimwambie mtu, maana kati ya watoto wote ni yeye peke yake mwenye kusikia. Aliyaeleza kwa fahari kidogo, masikini, kama mtoto aliyebeba siri ya mkubwa.

Kesho yake, muda wa mapumziko, nikamfuata Mwalimu shuleni. Nilimkuta mlangoni mwa darasa anajipangusa chaki. "Ndiyo, nilitia," akasema. "Mimi nilitia viganja viwiliviwili, kwa sababu Mama huwa anapunja. Lakini hayo ni yangu na yeye. Wewe yanakuhusu nini?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Watoto watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja amefukia vizuri asionekane. Na mimi nyuma yao kila asubuhi namwaga maji, nikiyeyusha sumu yao na kuisukuma mizizini kwa mikono yangu.

Nilimkuta Mama peke yake. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilimwona alivyolala upande mmoja, mto umepachikwa mgongoni, nikauliza kwa sauti ya kawaida kwa nini aliwatuma wote watatu.

"Nilijua wawili watasahau," akasema.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wewe hujawalea wale," akaendelea. "Nikituma watatu anakwenda mmoja, na siku nyingine haendi hata huyo. Nikiwaambia pamoja, kila mtu anamwachia mwenzake. Ndiyo maana nikamvuta mmoja mmoja, nikamwambia wewe ndiye ninayekutegemea. Ningejuaje kwamba safari hii watanisikia wote?"

Kicheko kilinitoka, kile cha hasira. Mwanamke huyu amewabembeleza, amewafokea, amewapiga, amewafungia chakula, na wao hawajawahi kumsikiliza. Siku waliyokubali kumtii kwa pamoja ndiyo wameiua bustani yake.

"Na mimi, Mama? Mimi ndiye niliyekuwa huko kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaongea na watu bombani. Pale wote wanajua kipande changu kinakula samadi ya kuku tu. Mwenyekiti hunitolea mfano." Akageuza uso. "Kila msimu nilikuwa natia kidogo, mwenyewe, nikiwa peke yangu. Ni aibu ya mtu mzima."

Nikamwambia hakuna aibu ya kutisha hapo. Mwenyekiti akiambiwa kwamba mbolea ilizidi kwa kutoelewana, hiyo ni bahati mbaya kama bahati mbaya nyingine. Udongo utasafishwa, tutapewa msimu, nami nitaanza upya. Lakini lazima aseme.

"Nitasema," akaniahidi, akanipapasa mkono.

Mwenyekiti alikuja nyumbani, kwa sababu Mama hakuweza kutoka. Ni mama mnene, mstaafu wa posta, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na hana tabia ya kuzunguka mbuyu. Tulikuwa wote chumbani, Mwalimu amekalia kiti pekee, Breki ameegemea kabati, mume wangu amesimama kando yangu.

"Nimekiona kipande," Mwenyekiti akasema. "Kimenisikitisha. Nataka kujua jambo moja tu. Ni bahati mbaya au ni uzembe?"

Mama aliwatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine. Nilimwona akipima. Angesema kweli, palepale kila mmoja wao angejua kwamba hakuwa mteule, kwamba aliambiwa maneno yaleyale waliyoambiwa wenzake, na kwamba mama yao huwaona wote ni watu wa kusahau. Na mfano wa samadi ya kuku ungekwisha.

"Mkwe wangu ana mambo mengi," akasema polepole. "Cherehani, nyumba, wateja. Kuna siku alikuwa hawezi kwenda. Simlaumu."

Nikasema yote, pale pale, bila kuficha. Nikamwonyesha Breki kwa kidole, nikamwonyesha Mwalimu, nikarudia viganja na kufukia na usimwambie mtu. Nilipomaliza, wale ndugu walikuwa wanatazamana kwa namna ambayo sijawahi kuwaona wakitazamana.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Mwalimu, uliweka mbolea?"

"Mimi? Nafundisha asubuhi mpaka jioni. Bustani ningeiona saa ngapi?"

"Wewe?"

"Shem, jamani," Breki akaniambia mimi badala ya kumjibu yeye. "Mimi nilikuwa safarini."

Akabaki mume wangu. Mwenyekiti hakumuuliza hata kidogo, alimgeukia tu. Nami nilimgeukia, na sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa huyu alikuwa ameniambia kwa kinywa chake akinawa mikono nyumbani kwetu. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameshika ukingo wa shuka kwa mikono miwili.

"Sijui habari ya mbolea," mume wangu akasema.

Mwenyekiti akavua miwani. Alionekana kunionea huruma, ile huruma ya kumwonea mtu mwongo aliyekamatwa. "Basi, mama," akamwambia mgonjwa, "utaratibu unaujua." Mama akaitikia kwa kichwa na kugeukia ukutani. Alikuwa analia, na sikwenda kumfuta. Kipande chake cha maisha yote alikuwa amekitoa ili watoto wake watatu, kwa kuwa wote wamekana, waendelee kuamini, kila mmoja, kwamba ndiye anayetegemewa. Mimi alinitoa kabla ya kipande.

Njiani kurudi nilimuuliza mume wangu kwa nini.

"Ulitaka nimwite mama yangu mwongo mbele ya mgeni?"

"Mimi umeniita."

"Wewe ni mke wangu," akasema, kama mtu anayenitaka radhi na kunituliza kwa pamoja. "Yetu tutayamaliza nyumbani."

Hatukuyamaliza. Alikaa kimya kama kawaida yake, na sasa nasikia kila kitu kilichomo ndani ya ukimya ule. Namwekea chakula, anakula, anashukuru. Nikishona nampa mgongo.

Ilibidi niende bustanini kuchukua vifaa. Nilipofika nilimkuta mwanamke aliyepewa kipande, muuza mitumba, amekuja na jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini. Furaha ilikuwa inamtoka machoni na alikuwa anajitahidi kuificha, kwa adabu. Aliuliza kama udongo ni mzuri. Nikamwambia ni mzuri, ila asipande kitu kwanza. Aumwagilie maji mengi, aache yashuke chini, amwagilie tena, mpaka ule weupe upotee. Asitie mbolea yoyote msimu huu. Akinyunyiza mbegu chache pembeni zikaota, ndipo ahamishe miche.

Alinisikiliza kwa makini, akarudia kila hatua kwa vidole asije akasahau.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Wewe unaijua kazi. Nimeambiwa aliyekuwa hapa alikuwa mvivu, alikiacha kikajifia."

Nikafunga jembe na reki kwa kamba. "Hata mimi nimesikia hivyo," nikamwambia, nikamwonyesha bomba lenye maji ya nguvu.