Sauti Zimezeeka

Nyumba yangu ya Igoma haijawahi kukosa watu. Wapangaji, wageni wa kutoka Nansio, wauza mitumba wanaoomba maji ya kunywa wakaishia kula. Kwa hiyo maneno yakizaliwa mtaani, huanza kufika kwangu. Haya ya mama mdogo Paskazia tu ndiyo niliyoyapata mwisho, kama mke anavyopata habari za nyumba ndogo ya mumewe.

Mama mdogo alianza kusikia sauti akiwa msichana, kulekule Nansio. Zilimtukana, zikamwamuru avue nguo sokoni. Sindano ya kila mwezi ndiyo iliyozishinda nguvu. Akaja kuishi kwangu, na misibani hakuna aliyemfikia kwa kusonga ugali wa sufuria kubwa. Sasa uzeeni mdomo wake ukaanza kutafuna bila kitu ndani. Ulimi unatoka, unarudi. Mikono nayo ikawa inatetemeka. Mtaa ukasema anatafuna majina ya watu, na ukitafunwa jina, hufiki mbali.

Kashindye, yule anayepanga wapishi misibani, alinijia hadi mlangoni.

"Kama si uchawi, basi kichaa kimerudi. Muongezeeni dawa, au mrudisheni kwao."

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya dawa yameota kila kona, na mengi yalikuuzia chochote ulichotaja. Nikaenda mjini kwenye duka la Minaz kununua vidonge vya kuongezea sindano. Nilipomweleza habari za mama mdogo, akakataa. Akanishika mkono hadi nyuma ya duka, alikoketi baba yake mzee, kikombe kinagonga kisahani chake ka-ka-ka.

"Ubongoni kuna kemikali, dada, inaitwa dopamini," Minaz akasema. "Bila hiyo, mwili hauendi unakoutuma. Uzee unaipunguza kwa kila mtu. Kwa baba imepungua kupita kiasi. Mama yako ujanani ilimzidi, sauti zikapata nguvu, sindano ikawa inaizuia. Sasa umri unapunguza, na sindano inazuia kwa kipimo kilekile cha ujana. Atakosaje kutetemeka?"

"Na mdomo?"

"Hiyo imeletwa na dawa ya miaka mingi. Mdomo unaweza usiache kamwe. Mpeleke kwa daktari ampunguzie taratibu. Msikatishe wenyewe!"

Daktari akampunguzia. Mikono ikatulia kidogo, mdomo ukaendelea na shughuli zake.

"Sauti je, mama?" nikamuuliza.

"Zipo. Zimezeeka. Kuna moja siku hizi inakohoa tu."

Ndipo akafariki mama yake Maige, huyu mwenye mashine ya kusaga. Mama mdogo akaanza kujifunga khanga. Nikamsihi asiende. Kwetu Igoma, mwanamke akikataliwa mkono wake msibani, ameshafukuzwa mtaani. Kilichobaki ni kufunga mizigo.

"Nisipokwenda msiba huu, wangu atakuja nani?" akanijibu, akatoka.

Uani kwa Maige mapanki yalikuwa yanachemka, mifupa ya sangara ambao minofu yao ilikwishapakiwa viwandani Nyakato kwenda Ulaya. Mama mdogo akachukua mwiko, akaanza kusonga. Kashindye akamjia, hata shikamoo hakutoa.

"Weka chini. Hatukuja hapa kulishwa majina yetu."

Mama mdogo hakuacha kusonga.

"Jina lako nilitafune la nini, Kashindye? Gumu hivyo, na mimi meno sina?"

Watu wakacheka, wengine wakaficha vinywa kwenye khanga.

"Mdomo huu umeharibiwa na sindano," akaendelea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sindano hizohizo zilinirudishia akili yangu, nauli yake ikawa mdomo. Nimelipa, silii. Na Nansio nitakwenda Krismasi kusalimia, kisha nitarudi."

Kashindye akainjika sufuria lake pembeni. Ugali ukaiva kotekote, wanawake wakagawanyika. Mimi nikasimama kwa mama mdogo, wapangaji wangu wote nyuma yangu, maana wananijua. Hata hivyo mstari wa kule ulikuwa mrefu kuliko wetu.

Maige akatoka ndani, macho yamemvimba, sahani mkononi. Macho yote yakamgeukia, kwa sababu anakokula mfiwa, hakuna tena wa kukataa. Kaka zake wakamwita kule kwa Kashindye. Akasimama katikati, akatuangalia sisi, akawaangalia wao.

"Misiba yote ya mtaa huu, mama alikula ugali wa mkono wa nani?" akawauliza.

Akamnyooshea mama mdogo sahani. Alipopakuliwa, akamega tonge, akachovya mchuzi, akatafuna polepole, na uani mzima ukamtazama koo.

"Mama," akasema, "ugali una mabonge."

"Mkono unatetemeka, baba. Tafuna."