Nani Alirefusha Gari ya Papa Sebarenzi?

Sake ilikuwa imeisha kubaki nyuma, na gari ilikuwa inapanda kama vile kuna mtu juu ya mlima anaivuta kwa kamba. Sylvain alikuwa peke yake kwenye usukani, shati nyeupe, vioo vimefungwa, akimpelekea Papa Sebarenzi gari yake mpya kule Kibabi. Nyuma, ziwa lilizama katika ukungu. Mbele, milima ya Masisi ilipanda mmoja juu ya bega la mwingine, majani mabichi mpaka macho yanauma, na ng'ombe wamesimama kwenye miteremko ambapo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Wamama wenye mizigo ya mihogo waligeuka mwili mzima kuangalia, kwa maana shingo ilikuwa imekamatwa na kamba ya mzigo. Gari ilipita mashimo ya barabara kimya kabisa. Sylvain alifikiri ni barabara iliyotengenezwa.

Alikuwa ameiuza gari ile kwa mdomo. Kwanza aliuza simu pale Birere, na mdomo ule ule ndio ulimwingiza katika nyumba ya magari ya kifahari pale Goma. Hakuna aliyemuuliza gari inafanya nini. Walimfundisha kutabasamu, kupapasa ngozi ya viti mbele ya mteja, na kutaja rangi kwa Kifaransa.

Zamani nyumba ile ilikuwa na Papa Polycarpe. Gari mpya ikifika, Polycarpe alikaa kiti cha mbele, akakaa cha nyuma, akalala chini akaangalia tumbo lake kama mtu anayenunua ng'ombe. Mteja akija, kwanza alimuuliza habari za nyumbani. Nani atapanda? Barabara ya kwenu iko namna gani? Kuna mzee? Patron mpya, tajiri wa nyumba ile, aliona mzee anapoteza muda na mteja mmoja, akamrudisha nyumbani. Wakabaki vijana wa shati nyeupe. Swali likiwashinda walisema, "Ni modeli ya kisasa, Papa," na wateja, kwa kuogopa kuonekana watu wa kale, walitingisha kichwa.

Papa Sebarenzi, mwenye ng'ombe na fromaji, ile jibini ya Masisi, mtu asiye na maneno mengi, aliuliza swali moja tu siku alipokuja kununua.

"Mama yangu alivunjika nyonga, ikaunga mubaya. Ataingia humu?"

Sylvain hakuuliza ni nyonga ya upande gani. "Papa," alisema, "hii gari inaingiza hata askofu na kofia yake!"

Sebarenzi alicheka. Aliangalia kiti cha nyuma, kilikuwa karibu na sakafu, akaona ni kweli, Mama ataketi tu. Akanunua.

Haikuwa gari ya kujionyesha. Mama yake, Nyiransengimana, alikuwa na mdogo wake mmoja aliyebaki, Athanasie. Athanasie aliolewa upande wa Walikale, pale njia ya mgodi wa Bisie inapoingia porini, wakati Bisie ilikuwa bado ya watu wa chepeo na mifuko. Kampuni ilipokuja na mashine zake, mume wake alirudi kulima, na Athanasie akabaki naye kule, akamzika kule. Sasa yeye mwenyewe alikuwa kitandani. Alituma neno kwa mtu wa piki-piki: "Mwambieni dada, kama anataka kunikuta macho wazi, akuje sasa." Na sasa ilikuwa kiangazi. Mvua ikirudi, barabara ya Walikale inageuka mto wa matope, na hakuna anayepita mpaka Mungu apende.

Pale Sake, Sylvain aliposimama kununua ndizi na kuzima moteri, alikuwa amesikia gari inatoa pumzi, sssss, kama mzee anayeketi. Alisema moyoni ni upepo wa ziwa.

Kibabi ilimpokea yote. Watu walitoka mashambani na majembe. Waliizunguka gari bila kuigusa, mikono mgongoni kama vile wako kanisani, wakajiona ndani ya mlango mweusi: wao, na mlima nyuma yao, na mawingu. Mwanamke mmoja alipanga kitambaa chake vizuri mbele ya ile rangi. Hata mazungumzo yalikuwa ya kunong'ona.

Sylvain alizima moteri, akashuka kama waziri.

Gari ikapumua. Sssss. Ikaanza kuzama.

"Yesu! Inakufa!"

"Pumzi inatoka! Leteni miti!" Huyu alikuwa Nizeyimana, mkubwa wa wabebaji wa kipoyi, kile kitanda cha mianzi ambacho mlima mzima unakitolea mabega. Mgonjwa akizidiwa, kila nyumba inatoa mwanaume, na Nizeyimana anawapanga warefu nyuma na wafupi mbele. Alizoea kuamuru, na watu walizoea kumtii. Magogo yalifika mbio, yakasukumwa chini ya gari. Gari ilishuka, ikagusa magogo, ikasita kama mtu aliyekanyaga moto, halafu ikapanda tena yenyewe mpaka juu. Ikabaki pale juu.

Watu walirudi nyuma hatua. Sylvain alikuwa amelowa jasho kwapani, katika baridi ile.

"Ni kawaida," alisema. "Ni modeli ya kisasa."

Mama Nyiransengimana alitoka amejikokota nyuma ya kiti cha mbao, anakisukuma mbele, anakifuata. Alikuwa amevaa kikwembe cha Paska na amefunga mzigo wa maharagi mapya ya kumpelekea mdogo wake. Alifika kwenye mlango wa gari, akaangalia kiti. Kiti kilikuwa karibu na kifua chake.

Vijana wawili walimsogelea kumshika kwapani. Alipiga kelele kabla hawajamgusa.

"Hapana! Mulinibeba vile mwaka jana, nikaona mbingu mbele ya siku yangu. Miye siko mufuko ya maharagi."

"Mama, ni kidogo tu…"

"Sebarenzi, mwanangu, nilisema hapana."

Sebarenzi alimgeukia Sylvain polepole. "Kaka. Ku Goma hii gari ilikuwa fupi."

"Papa…"

"Nilitia mukono yangu pa kiti, hivi. Ilikuwa fupi. Nani alirefusha gari yangu?"

Mdomo wa Sylvain ukajibu kabla ya kichwa. "Ni baridi ya mulima, Papa. Vyuma vinavimba."

Vestine, mke wa Sebarenzi, akapiga mikono. "Vyuma vinavimba! Basi majembe yetu yangekuwa marefu kama mikaratusi! Kaka, hata mwenye kuuza mbuzi anajua kichwa iko upande gani. Wewe unauza kitu gani?"

Mlima mzima ukacheka, na kicheko kikamwingia Sylvain ndani ya mifupa. Alifikiri: nitasema imeharibika njiani, inarudi Goma, mafundi wataangalia. Nitakuwa nimetoka hapa. Lakini kutoka Goma mpaka irudi, mvua itakuwa imefika. Aliangalia ule mzigo wa maharagi kwenye mapaja ya mama, maana mama alikuwa ameketi sasa juu ya kiti chake cha mbao, mbele ya gari, kama mtu anayengoja kesi yake isomwe.

Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia magurudumu.

"Kijana. Washa."

Sylvain aliwasha.

"Sasa zima."

Alizima. Gari ikapumua, ikashuka, ikagusa magogo, ikapanda.

"Tena."

Ikashuka, ikagusa, ikapanda.

"Hii haianguke," alisema Mama Nyiransengimana. "Mwenye kuanguka hajiinue vile. Nizeyimana, baba yako njo alikuwa mbele ya kipoyi siku niliolewa. Walifika mu kiwanja ya bwana yangu, wakasimama, halafu wakafanya nini?"

"Wakapiga magoti, Koko," Nizeyimana alimjibu bibi yule. "Mbele na nyuma pamoja. Bibi-arusi hawezi kuruka."

"Basi hii nayo inataka kupiga magoti. Na ninyi mumeiwekea miti pa magoti."

Watu waliangalia magogo, wakaangalia gari, wakaangaliana. Mwishowe macho yote yakamwendea mwenye shati nyeupe.

"Ni kweli?" aliuliza Sebarenzi. "Inapiga magoti?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi tayari, limepakwa mafuta. Ndiyo, Papa, ni modeli ya kisasa. Lakini akisema ndiyo na ile gari imwangukie mama? Na akisema hapana, Athanasie atafunga macho akiangalia mlango. Sylvain alitafuta uongo mzuri katikati ya hayo mawili, akakosa.

"Sijui, Papa."

"Hujui?"

"Sijui. Niliuza tu. Sijakaa mu kiti ile ya nyuma hata siku moja. Mutoshe miti. Mimi nikae kwanza, pale Koko atakaa. Kama inavunjika, ivunjike na miye."

Vestine mwenyewe akashika gogo la kwanza.

Magogo yakatolewa. Sylvain alipanda nyuma, akafunga mlango. Sebarenzi mwenyewe akaketi mbele, akawasha moteri, akaizima kwa kidole kimoja, mbali mbali, kama anayemgusa ng'ombe wa mtu.

Na gari ikashuka. Sylvain hakusikia chuma kugonga chuma. Alichoona ni dirishani: majembe yakapanda, mabega yakapanda, nyuso za watu zikapanda, na mlima wa Kibabi wote na migomba yake ukainuka taratibu mbele ya macho yake kama mkate. Kifua chake kikafunguka. Alikuwa ameisifu gari hii kwa kila mtu, na alikuwa hajawahi kuistaajabia. Alikuwa ameuza kitu ambacho kilikuwa na heshima kuliko yeye.

Alifungua mlango. Mguu wake ulikuta udongo palepale.

"Koko," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Koko, ni nyonga gani inauma?"

"Ya kushoto."

"Basi tutatumia mulango ya huku. Utageuza mugongo, utaketi kwanza. Miguu itafuata."

Mama Nyiransengimana alisimama kwa kiti chake. Aligeuza mgongo. Hakuna aliyemshika. Alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akaketi. Halafu mguu mmoja, halafu ule wa kushoto, akiusindikiza na mikono miwili kama mtoto aliyelala. Akavuta kikwembe. Sylvain akafunga mlango polepole kuliko mlango wowote aliowahi kufunga.

Sebarenzi aliwasha moteri. Na gari, na mama ndani yake, ikainuka.

Ndipo Nizeyimana, bila kujua anafanya nini, akatoa ule wito wa wabebaji wanapoinua: "Nyuma muko?" Na wanaume wote wa Kibabi, mabega matupu, mikono mitupu, wakaitika kwa sauti moja: "Tuko!"

"Mbele muko?"

"Tuko!"

"Polepole na mama ya watu!"

Wamama walikuwa wanalia bila huzuni. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Nyiransengimana alishusha kioo, akapunga mkono kidogo tu, kama siku ile ya arusi labda.

Walienda watatu: Sebarenzi kwenye usukani, Sylvain pembeni, mama nyuma na maharagi yake. Nyasi za Masisi ziliisha, pori likaanza, miti mirefu mpaka jua likawa kitu cha kusikia habari zake. Penye matope gari ilijiinua zaidi, ikapita kama mwanamke anayekunja kikwembe kuvuka mto. Sylvain alikuwa anaangalia kila kitu na kuuliza kwa sauti: "Umeona? Papa, umeona?" Sebarenzi alijibu, "Naona, kaka. Endesha macho yako, miye niendeshe gari." Penye vizuizi, watu wa bunduki walikuja na nyuso zao ngumu. Gari ikazimwa ikapiga magoti mbele yao, nao wakasahau walichotaka kuuliza.

"Milima haikutane," mama alikuwa anasema nyuma, bila kuulizwa na mtu. "Milima haikutane, lakini sisi, Athanasie, sisi hatuko milima."

Athanasie alikuwa amebebwa mpaka kwenye mlango wa nyumba, juu ya mkeka. Alisikia pumzi ya gari, akaiona inashuka mpaka chini, na mlango unafunguka, na dada yake amekaa ndani, karibu na ardhi, sawa naye, jicho kwa jicho.

"Eh, dada," alisema. "Nani amekufundishia hii kitu adabu?"

Athanasie alikufa kabla ya mvua. Mama Nyiransengimana alikuwa pale, ndiye aliyemfunga macho. Alirudi Kibabi, bado yuko, anasukuma kiti chake. Gari ilichukuliwa na watu wenye silaha wakati wa vita iliyofuata, ikaonekana Ngungu, bila magurudumu, imelala chini. Papa Sebarenzi hakununua nyingine. Ng'ombe zake zilipungua, anaendelea na fromaji. Vestine anauza ile fromaji sokoni, na mdomo wake ni ule ule. Nizeyimana bado anapanga wabebaji. Ile nyumba ya magari pale Goma ilifungwa, patron alivuka mpaka. Papa Polycarpe anashona viatu karibu na nyumbani kwake. Sylvain alimtafuta, akakaa naye siku nyingi akimuuliza maswali. Sasa Sylvain anauza piki-piki Sake. Mteja akifika, anamuuliza nani atapanda nyuma.