Pollada ya Trompo

Don Eleuterio alirudisha kadi zote huku anacheka, na hapo ndipo damu ilipomchemka Yesenia.

"Binti yangu," alimwambia akiwa amesimama mlangoni kwake, tumbo mbele, "pollada ya mtu nanunua. Ya mbwa? Hebu niondolee balaa."

Sasa sikia. Pale Alto Retamas, juu kabisa ya kilima, huko ambako jiji la Lima linageuka kuwa vumbi na ngazi, hakuna mtu anayerudisha kadi ya pollada, ile karamu ya kuku ya kumchangia mwenye shida. Hakuna! Ukiugua, ukitaka kuezeka, binti yako akifikisha miaka kumi na mitano na anataka gauni la kuvimba kama keki, unakaanga kuku. Kadi unaziuza mapema, na Jumamosi majirani wanakuja kuchukua sahani zao. Kesho jirani naye akipata shida, unanunua zake. Hata kama kuku wake ana ladha ya sabuni unanunua, unatafuna, unasema asante. Kumrudishia mtu kadi ni kama kumtemea mate mlangoni.

"Trompo si mbwa wangu mimi, Don Eleuterio," Yesenia alisema. "Ni wa mtaa. Wewe mwenyewe, mwenyekiti, unasemaga hivyo."

"Basi mtaa unampa pole."

Akafunga mlango.

Yesenia alishuka ngazi akiwa amezibana zile kadi mkononi mpaka zikalowa jasho. Wa mtaa! Trompo akilala mlangoni kwa huyu, akikesha uchochoroni kwa yule, ni wa mtaa. Yule mwizi wa mitungi ya gesi alipong'atwa makalio mpaka akaacha mtungi na kiatu kimoja, kilima kizima kilijisifu: mbwa wetu! Halafu Jumanne boza la maji likarudi nyuma bila dereva kutazama, likampanda mguu, likaenda zake. Mbwa wetu akabaki analia katikati ya njia. Watu walichungulia madirishani, wakasema "maskini", wakarudi kwenye supu zao. Aliyetoka ni Yesenia, bado na aproni ya saluni, na mama yake, Mama Benita, akisukuma toroli la saruji.

Walianzia kwenye kliniki ya manispaa, ile ya bei nafuu. Dada wa mapokezi hata hakunyanyua kichwa.

"Sisi hapa tunachanja na kuhasi tu."

"Kwa hiyo mtu akivunjika mguu mnamhasi?" Yesenia aliuliza.

Mama Benita akamvuta mkono wakatoka.

Daktari Arrieta, mwenye chumba chake cha kutibu wanyama chini karibu na soko, alimpiga Trompo eksirei akashusha pumzi. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vipande.

"Kazi ya mikono nitawafanyia kwa nusu bei, maana najua mnakotoka," alisema. "Ila chuma na skrubu mimi sitengenezi jikoni kwangu. Lazima vinunuliwe. Mkileta hela Jumatatu, namfunga chuma. Ikipita hapo, nakata mguu."

"Trompo akatwe mguu halafu aishi juu ya zile ngazi?" Yesenia alisema wakiwa njiani kurudi. "Si bora amuue tu!"

Trompo alikuwa amelala ndani ya toroli, amefungwa kanga ya kunyolea ya saluni, anamtazama. Hakulia tena. Hilo ndilo lilimuuma Yesenia zaidi.

Mama Benita alisukuma mpaka kona ya pili, akasimama, akajishika kiuno.

"Mimi nimekula kuku wa kilima hiki miaka yote," alisema. "Sasa wao wale wangu."

Ndio zikachapwa kadi. Yesenia aliandika wazi kabisa: kwa ajili ya mguu wa Trompo. Mama yake alimwambia, mwanangu, andika tu kwa ajili ya afya, wote wanaandika hivyo, hakuna anayeuliza afya ya nani. Yesenia akagoma. Kwa nini amfiche mbwa kama vile kaiba?

Basi mwenyekiti aliporudisha zake, wengine wote wakapata ujasiri. Doña Zoraida wa duka alizirudisha zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya sukari, kwa adabu zote.

"Mie ningechukua, shoga yangu, unanijua. Ila Don Eleuterio amesema tukianza na mbwa, kesho tutaombwa pollada ya kasuku."

"Na wewe una kasuku?"

"Sina."

"Basi tulia."

Jumamosi Mama Benita alikaanga hivyo hivyo. Kuku walikuwa wameshalala kwenye pilipili nyekundu na kitunguu saumu tangu jana, hawarudishwi dukani hao. Viazi vikachemka, kreti za bia zikapangwa kivulini, spika ikapiga muziki wa kumbia, mabenchi yakafutwa. Saa saba, hakuna mtu. Saa nane, hakuna mtu. Harufu ilipanda kilima kizima na hakuna pua iliyojitokeza. Mama Benita aliketi na mwiko mapajani. Chini ya meza, ndani ya boksi, Trompo alijaribu kusimama, akaanguka juu ya ule mguu. Sauti aliyoitoa, Yesenia hakuwahi kuisikia kwa kiumbe chochote.

Alivua aproni.

"Unaenda wapi?" Mama Benita aliuliza.

"Kutangaza."

Kule juu, kwenye ukumbi wa mtaa, kuna kipaza sauti. Ndicho kinachotangaza boza limefika, mkate wa moto umefika, mtoto wa fulani amepotea na kaptula ya bluu. Kinasikika mpaka bondeni. Don Eleuterio alikuwa amemaliza tu kuita watu wa maji, yuko nje anapanga mapipa. Yesenia alipita nyuma yake, akaingia, akashika maiki.

"Majirani, habari za mchana. Tangazo. Kuku wa mama yangu wanapoa."

Kwenye foleni ya maji vichwa vikageuka. Hata vya mbwa wengine.

"Doña Zoraida, ukilala chali kitandani, tazama juu. Bati hilo, pande moja ni la mama yangu. Familia ya Ccori, kwa gauni la binti yenu tulikula sahani sita, na binti mwenyewe alikuwa na mimba na sote tulijua tukanyamaza tukatafuna! Don Eleuterio, pollada ya mawe yako ya nyongo! Kuku wako walikuwa wabichi ndani. Mama yangu aliharisha mpaka akashindwa kwenda kazini, na hakusema neno. Basi nasema mimi leo!"

Don Eleuterio aliingia mbio, uso umeiva.

"Zima hiyo kitu!"

"Sizimi."

"Unanidhalilisha mbele za watu!"

"Bado! Sijafika hata nusu!"

Alimpokonya maiki, ila kwa hasira zake alisahau kuizima, na sauti yake ikaondoka ukumbini ikashuka kwenye mapaa yote mpaka bondeni: "Kwani wewe unalinganisha mguu wa mbwa na nyongo yangu?"

Halafu kutoka huko chini kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja, hadi leo hajajitaja, akapaza sauti:

"Nyongo yako haijawahi kufukuza mwizi!"

Wee! Kilima kilicheka mpaka ndoo zikamwagika. Don Eleuterio akaanza kuipapasa maiki akitafuta pa kuizimia. Yesenia hakucheka. Machozi ya hasira tupu yakimtoka, alipita katikati ya watu akarudi kwao.

Wakaja. Si kwa upendo, usidanganyike. Wengine walikuja wamenuna. Mama Ccori aliweka hela mezani bila salamu, akamwambia Mama Benita, "Mwanao hana adabu," akachukua sahani nne. Doña Zoraida aliomba aongezewe saladi. Don Eleuterio alikuja wa mwisho, akatupa noti mezani, akachagua paja kubwa kuliko yote, akauma.

"Halina chumvi," alisema.

"Limeiva lakini," Yesenia alijibu.

Mama Benita alimfinya ili ashukuru. Hakushukuru. Akimshukuru ni kwa nini? Amempigia magoti, amempa kadi kwa heshima, hakutoa. Amemtukana mbele ya kilima kizima, katoa. Ndiyo watu gani hawa?

Jumatatu chuma kikanunuliwa. Daktari Arrieta alikaa na Trompo asubuhi nzima, akatoka anajifuta jasho.

"Mguu unabaki," alisema. "Ila asikimbie, asipande ngazi, asiruke. Mpaka mfupa ushike vizuri."

Yesenia alimkumbatia yule daktari mpaka miwani ikapinda.

Walipanda na bajaji mpaka njia inapoishia, halafu Yesenia akambeba mikononi, Trompo amelegea kwa dawa ya usingizi, mzito kama gunia la mchele. Kwenye ngazi za kwanza walikuwepo majirani, na mbele yao Don Eleuterio, amejitengeneza uso wa huruma.

"Pole yake, mbwa wetu," alisema, akanyoosha mkono ampapase. "Sasa daktari anasema lini atarudi kwenye zamu? Maana jana kuna mtu kapita na kuchungulia mitungi."

Yesenia alimgeuza Trompo upande wa pili, mkono wa mwenyekiti ukashika hewa.

"Huyu analala ndani," alisema. "Kitandani kwangu, kwenye blanketi langu. Na akipona pia analala ndani."

"Lakini mtaa..."

"Mtaa una mwenyekiti. Anayetaka kubwekewa, abweke mwenyewe."

Akapanda ngazi, Mama Benita nyuma yake na dawa kwenye mfuko, wakaingia, wakafunga mlango kwa komeo.