Mita Tatu za Katikati

Mpima wa halmashauri alivuta tepu yake mara mbili, kutoka ukuta wa Mama Kufuli hadi ukuta wa seremala, kisha akauliza ua uko wapi.

Hakukuwa na ua. Seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, alikuna kichwa. "Ua wa nini, bwana? Tungeazimana chumvi kwa kurushiana?"

Mpima hakucheka. Alifukua jiwe la mpaka kutoka chini ya rundo la maranda, akamwaga mstari wa chokaa katikati ya uwazi, akaeleza. Nyumba inatakiwa ikae mita tatu kutoka mpakani, na nafasi hiyo iwe ya miti tu. Sheria hiyo ilikuwapo siku nyingi, ila sasa mtaa umetangazwa eneo la maendeleo na haifumbiwi macho tena.

Mama Kufuli, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya duka lake la misumari na kufuli, alielewa mara moja walichofanya wanaume wawili waliojenga nyumba hizo. Marehemu mumewe na Randa walijenga pamoja, wakibebeana matofali. Waliacha uwazi wa mita tatu, na kila mmoja akauhesabu wote kuwa wake. Hapakuwa na hila. Walipendana mno, hata wakaona haya kuulizana mpaka unapita wapi.

Njia zilikuwa mbili. Ama kila mmoja abomoe mita moja na nusu, ama mmoja abomoe zote tatu na mpaka usogezwe upande wake. Kwa Randa, hata hiyo moja na nusu ingeua karakana, kwa kuwa mashine ilikuwa imefungwa kwenye zege na ubao mrefu usingepata pa kupita. Kwa Mama Kufuli, upande ule kulikuwa na chumba chake cha kulala.

Jioni Randa alikuja na kofia mkononi. Akasema wagawane, nusu kwa nusu, yeye atatafuta pa kuhamishia mashine. Alisema kwa kirefu, akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mama Kufuli alimsikiliza huku akipanga bawaba kwenye kopo.

"Nusu chumba ni ujia, shemeji," alisema. "Kata changu chote."

Randa alilia. Mama Kufuli aliyatazama machozi yale kama bomba linalovuja nyumbani kwa mtu mwingine. Hakuwa amelia hata kwenye mazishi. Watu walisema ana moyo mkubwa, na Randa naye akasema hivyohivyo. Hakumsahihisha. Ukweli ni kwamba tangu mumewe afie katika chumba kile hakuwa amelala humo hata usiku mmoja. Alilala kwenye kochi sebuleni, na kabla hakujapambazuka alikunja blanketi akalisukumia nyuma ya mito.

Binti yake, aliyekuwa ameolewa mtaa wa pili, alifika akiwa amefura. Alisema mama amerukwa na akili, chumba cha baba si kiporo cha kumpa jirani. Alitaka wakate rufaa, aliwajua watu wa kuwaona. Alikaa kwenye kochi kwa kishindo, mto ukaanguka, na blanketi likajitokeza.

Alilishika, akalinusa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tulipomzika."

Binti hakutaja rufaa tena. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Randa alikuja mwenyewe kuezua paa, hakutaka mtu mwingine aguse. Fremu ya mlango aliitoa nzima, kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza Mama Kufuli na mumewe walipooana, akauliza aiweke wapi. Mama Kufuli alisema stoo ya duka haina fremu ya maana. Waashi waliposhusha kuta, alisimama pale akiwaharakisha, akawaambia matofali mazima yatengwe na vipande visitupwe njiani, na kwamba anayevuta sigara avutie mbali na mbao. Kila kitu kilikwenda upesi.

Ikabaki sakafu. Ilikuwa peupe juani, saruji nyekundu aliyoipaka dawa ya kung'arisha miaka na miaka, na juu yake alama nne za miguu ya kitanda. Upande wa mumewe, ukingoni, palikuwa pamefifia pale alipozoea kuteremshia miguu.

Fundi mkuu alinyanyua sururu. "Na hii, mama? Mpima anarudi Ijumaa, na panatakiwa miti tu."

Mama Kufuli alifungua mdomo ampe amri. Haikutoka. Mikono ilikuwa imeshika pindo la kanga, naye hakukumbuka kulishika.

"Iacheni hiyo," alisema. "Mpaka kesho."

Kesho yake fundi aliuliza tena, na jibu likawa lilelile. Alhamisi hakuuliza. Alikwenda akaketi upande wa Randa, sururu miguuni, akasubiri.