Mshipi wa Sista Rael

Niseme kweli, maana walionisengenya wengi wamekwisha kufa: nilimhusudu Rael. Husuda ya kunyima mtu usingizi. Tulikuwa wauguzi wawili katika wodi ya wazazi pale Amu, mwaka wa sitini na sita. Mimi Mpate, mtu wa visiwani, yeye mtu wa bara, Mkristo, mnene wa kujaza mlango. Na wanawake wa Amu wakishikwa na uchungu walimwita nani? "Niitieni Rael!" Mimi niko pale pale kitandani, nimesimama kama mwiko.

Usidhani unene ulimpunguzia kitu. Kwetu bibi harusi hulishwa ndani mpaka anawiri, na mwanamke mwembamba huulizwa ana maradhi gani. Rael alikuwa na mwili, ana mikono ya joto, anacheka. Mimi walinipanga jina Ukuni. Na juu ya yote hayo alikuwa na mshipi.

Mkuu wa wodi yetu alivaa mshipi mweusi wa ngozi, wenye bizimu ya fedha iliyofuliwa na sonara wa mjini. Aliyeuvaa ndiye aliyeshika funguo, ndiye aliyepanga zamu, ndiye ambaye daktari alimuuliza kwanza. Niliutaka mshipi ule kuliko nilivyotaka mume, na mume nilikuwa sina.

Kitu kimoja tu kilimshinda Rael: ngazi. Wanawake wetu wakishajifungua hutunzwa siku zao arubaini ghorofani, na ngazi za nyumba za mawe ni nyembamba, zimesimama wima. Magoti ya Rael yalikataa. Kila palipohitaji kupanda nilipanda mimi, na nilipofika juu niliulizwa, "Rael yu wapi?"

Alipopelekwa Uingereza kusomea ukunga aliniachia wodi na mshipi. Nikauzungusha kiunoni karibu mara mbili, nikaufunga kwa pini, nikatembea nao kifua mbele mwaka mzima. Kisha ikaja barua. Madaktari wa huko watampasua tumbo ili apungue: wataunganisha utumbo wa juu na wa chini, ule wa katikati wauache kando, chakula kipite mbio kisikae mwilini. Akishapona atarudi kazini. "Nitapanda ngazi, Swafiya!" aliandika.

Sikuamini hata chembe. Mtu mnene ni mnene. Niliuchukua mshipi nikaenda kwa Bwana Mohdhar, mshona makubadhi.

"Ndoo ndani, Bi Swafiya, keti."

"Siketi. Kata hapa, kipimo cha kiuno changu."

"Huu si wa Sista Rael?"

"Nimekwambia kata!"

Akakata. Akaniuliza kile kipande akifanyeje, nikamwambia afanye apendavyo. Nilijua fika ninalolitenda. Nilitaka Rael aje auvute mbele ya watu wote, auvute mpaka atoke jasho, usimfike, aone haya aniachie.

Siku aliyorudi, miezi mingi baadaye, nilimpita gatini bila kumjua. Shingo imetoka, mashavu yamekwenda, gauni linapepea. Wodini alikuja Daktari Crispus, wakaja wauguzi wa wodi nyingine, akaja na Mwanamkisi mfagiaji na ufagio wake. Nikamkabidhi mshipi. Rael akauzungusha, bizimu ikalia, ukakaa sawasawa kama alipimwa yeye.

Akautazama. Akanitazama mimi. Machozi yakamtoka.

"Swafiya! Nyumbani kwetu walinililia kama maiti. Hata daktari aliyenipasua alisema huenda nisipungue. Wewe peke yako uliniamini, ukanikatia mshipi kabla hujaniona!"

Akanikumbatia. Wallahi ningemeza ulimi wangu. Watu wanapiga makofi, mimi uso unawaka, na mshipi umekwenda.

Basi sasa alipanda ngazi. Ile sifa moja niliyokuwa nayo mimi, nayo akaichukua! Lakini wanawake wa Amu hawakufurahi. Walimwangalia wakashika vinywa. Kwao mtu hapungui vile bure, lazima kuna jicho lililomla, na jicho la nani kama si langu?

"Mato yako hayo yalimtazama, Ukuni," Mwanamkisi alinitania, nusu utani, nusu kweli. "Hukusema mashallah."

Na kweli sikusema.

Mwezi wa pili Rael akaniomba nimpelekee mshipi kwa Mohdhar auongeze tundu. Nikaenda. Mwezi wa tatu tundu jingine. Wa nne jingine. Alikuwa akila, na akila tu huyo, chooni. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alikuwa akishika kuta akitembea. Mimi ni muuguzi, sikuhitaji kuambiwa: utumbo ule mfupi haukushika kitu, na Rael alikuwa anakufa njaa na sahani mbele yake.

"Usimwambie Daktari Crispus," alinisihi. "Ataniondoa. Sina kingine duniani ila wodi hii. Niahidi, dada yangu."

Nikaahidi.

Lo, siku zile! Nikinyamaza, anakufa. Nikisema, mshipi ni wangu, na mji mzima utasema, si tuliwaambia, kikulacho ki nguoni mwako. Na hilo la mji ningelivumilia. Lililonitesa ni kwamba mwenyewe sikujua kinachonisukuma ni huruma au kijicho. Kila nilipofungua mdomo niende kwa daktari niliuona mshipi kiunoni mwangu, nao ulinipendeza, nikafumba mdomo.

Hata asubuhi moja tukaitwa kwa mzazi, nyumba ya ghorofa mbili. Rael akatangulia. Ngazi ya tisa akaketi, kisha akalala, kichwa kwenye ukuta. Nikamwita, kimya. Nikamwinua. Peke yangu nilimwinua, mimi Ukuni, nikashuka naye ngazi zile kama mtu aliyebeba mwana wa jirani. Rael aliyekuwa akijaza mlango! Nikalia njia nzima mpaka hospitali, na daktari aliponiuliza nikamwaga yote.

Rael alizinduka akanisikia. Hakupiga kelele. Alifungua bizimu, akauvuta mshipi, akauweka ukingoni mwa kitanda.

"Uliutaka tangu mwanzo," alisema. "Chukua."

Nikauchukua. Sitakudanganya: alipopakiwa chomboni kupelekwa Mombasa nilikuwa nimekwisha kuuvaa, na moyo wangu, pamoja na machozi yote yale, ulikuwa na furaha.

Mji ulinisema kama nilivyotarajia. Nikashika wodi. Nikajinunulia makubadhi mapya kwa Mohdhar, kwani mkuu wa wodi hatembei na viatu vilivyochoka. Wanawake waliniita Sista, na uchungu ulipowazidi bado walimwita Rael.

Barua yake ilikuja mwaka uliofuata. Walimpasua tena, wakaurudisha utumbo kwenye njia yake. Amenenepa, magoti yanauma, amepewa kazi huko bara katika wodi isiyo na ngazi. "Nilikulaani miezi mingi," aliandika. "Sasa nashiba, najua uliniokoa. Mshipi kaa nao, hautanifika tena. Watu huniambia uliniuza kwa ajili yake. Nami huwajibu kwamba aliyenikatia mshipi kabla hajaniona hawezi kunionea kijicho."

Niliisoma nimesimama. Kisha nikaondoka moja kwa moja mpaka kwa Mohdhar na mshipi mkononi. Nilitaka aushone urudi ulivyokuwa, niupeleke bara, nimwandikie Rael ukweli wote wa siku ile.

"Kile kipande ulichokikata," nikamuuliza, "bado unacho?"

Mohdhar akacheka. "Kile? Ngozi nzuri ile, sikuitupa. Niliitia kwenye makubadhi."

"Ya nani?"

Akaniangalia miguuni.

"Yako, Bi Swafiya. Ndiyo hayo uliyovaa."